Msomeeni Vibaya

Tuliokuwepo siku ile tulikuwa sita, na nitawataja wote, maana kila mmoja aliyaona kwa macho yake na bado wako waliosema baadaye kwamba hapakuwa na kitu cha kuona. Alikuwepo Mzee Brenner mwenyewe, kwenye kiti chake kando ya dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo alioachiwa na mtu mwingine. Alikuwepo Miriam, binti yake, ambaye hakuvua koti tangu alipoingia mpaka alipoondoka. Alikuwepo Mzee Zelig, mwenzake wa kusoma kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwepo Pauline, mwanamke wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na fomu yake magotini. Alikuwepo Mama Mdogo Zuwena, mdogo wake marehemu mama yangu, aliyekuwa akimhudumia mzee asubuhi na alasiri. Na nilikuwepo mimi, Mwanaisha, mwenye miaka kumi na mitano, ambaye kwa sheria za kampuni iliyomwajiri mama mdogo sikutakiwa hata kuufahamu mlango wa nyumba ile. Chumba kilinuka supu ya kuku, karatasi kuukuu na joto kavu la redieta ya ukutani iliyofunguliwa mpaka mwisho. Nikiisikia harufu ya namna hiyo leo, hata kwenye nyumba ya watu wasionihusu, hasira yangu huamka kabla yangu.

Ili mtu aelewe kwa nini mtoto alifungua kinywa mbele ya watu wazima, inabidi nirudi nyuma kidogo. Tulitoka Wete, Pemba, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alitufikisha Kilburn, huku kwa Waingereza, akatupangia chumba juu ya duka la mapazia, akaugua, na baridi ya pili hakuimaliza. Tukabaki watatu: mimi, Nassor anayenifuata, na Raya aliyekuwa bado hajui kufunga vifungo vya viatu. Mama mdogo, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alituchukua bila kuulizwa mara mbili. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, na nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii ya Mzee Brenner. Alisema Wayahudi hawa wana utaratibu kama wetu. Nyama ya nguruwe haiingii, na jikoni kuna sponji la bluu la vyombo vya maziwa na jekundu la vyombo vya nyama, na ukiyachanganya utasikia. Hakuwahi kuyachanganya hata siku moja. Tatizo lilikuwa saa. Kampuni ilimpangia wazee wawili kwa wakati ambao malaika pekee angeuweza, mmoja huku na mwingine vituo vitano vya basi mbele. Kwa hiyo kila alasiri, nikishawafikisha wadogo zangu chuoni kusoma msahafu, nilikwenda kwa Mzee Brenner kukaa naye dakika arobaini wakati mama mdogo akimkimbilia bibi wa pili. Sikufanya lolote ila kukaa. Hilo tu lilikuwa kosa la kumwachisha mtu kazi, na sote wawili tulilijua.

Sasa nieleze habari ya kusoma. Chuoni kwetu, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa mfano. Nilisoma msahafu kwa sauti iliyonyooka, kila herufi mahali pake. Mwalimu wetu alikuwa mkweli: alituambia kisomo chenyewe ni ibada, maana tutaifuata tukikua, na tusijidanganye kwamba tumeshaipata. Simlaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni walimu wa shule ya mchana. Kule nilisoma Kiingereza kwa mdomo uleule, kwa namna ileile, na hakuna aliyeniambia kwamba ipo maana iliyobaki nyuma. Mwalimu akitaka kisomwe kitabu mbele ya darasa aliniita mimi, kwa sababu sikujikwaa. Kwenye ripoti waliandika kwamba nasoma kwa ufasaha na kujiamini. Ukweli ni kwamba nikifika mwisho wa ukurasa sikuweza kukwambia nani alikufa na nani aliolewa. Nassor, kwa upande wake, alikuwa na kigugumizi. Sentensi moja ilimtoa jasho, basi wakamweka kwenye meza ya wasioelewa, pamoja na picha za mbwa na mpira. Njiani kurudi nyumbani yeye ndiye aliyenisimulia hadithi niliyokuwa nimeisoma mimi. Alikuwa akinicheka. “Dada, wewe redio,” aliniambia, akivuta kila neno. “Redio haijui inasema nini.” Nilimpiga kwa begi langu la mgongoni.

Mzee Brenner na Mzee Zelig nao walikuwa wasomaji, wa aina ambayo sikuwahi kuiona. Kila Jumanne na Alhamisi walikaa ubavu kwa ubavu mbele ya kitabu kimoja kikubwa cha mijadala ya wanazuoni wao wa zamani. Maneno ya asili yako katikati ya ukurasa, maelezo ya waliofuata yamezunguka pembeni kwa herufi ndogo, na ukurasa wa pili una tafsiri ya Kiingereza. Kwa desturi yao mtu hasomi peke yake wala kimoyomoyo. Mmoja anasoma sentensi kwa sauti, kwa kijiwimbo, na sauti hupanda penye swali na kushuka penye jibu. Mwenzake anamsimamisha: amesema nini huyu, na kitu gani kimemsumbua mpaka akasema hivyo? Hawaendi sentensi ya pili mpaka ya kwanza imeelezwa kwa maneno ya mtu mwenyewe, na anayeeleza akikosea anabishiwa. Siku ya kwanza mama mdogo alidhani wanagombana. Aliwapelekea maji baridi wapoe. Wakacheka mpaka Mzee Zelig akakohoa.

Kisha Mzee Brenner akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi ukawa unamtolea vipande vya maneno visivyoungana. Mzee Zelig alikuja kama kawaida yake, akafungua kitabu, akangoja mwenzake asome. Kilichotoka hakikuwa kisomo. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikifunga kitabu polepole, akambusu mzee kichwani na hakurudi. Mama mdogo alimsikia akimwambia Miriam kwenye simu kwamba Hershel, ndivyo alivyomwita mwenzake, ameshaondoka, kilichobaki ni mwili wake. Miriam, aliyekuwa akiishi mbali huko pwani, akaanza kutafuta nyumba ya wazee karibu na kwake, mahali ambapo hapana Mzee Zelig wala kitabu wala mtu yeyote wa kubishana naye.

Nilianza kumsomea kwa sababu ya uchovu wa kukaa kimya. Alasiri moja alikielekeza kitabu kwa kidole cha mkono wa kushoto, akaniangalia, akakielekeza tena. Nikakifungua penye uzi wa alama na kuanza kusoma upande wa Kiingereza, kwa ufasaha wangu wote. Sentensi ya tatu alipiga kofi kwenye mkono wa kiti. Nilidhani ana maumivu. Nikaendelea, akapiga tena. Nikarudia sentensi ileile kwa matamshi mazuri zaidi, akapiga kwa nguvu zaidi. Ilichukua siku nne za makofi ndipo nikagundua kwamba hakuwa akisikiliza matamshi yangu. Alikuwa akiniangalia macho. Alijua ninapita juu ya maneno kama mtu anayepita mtaani akiwa na haraka, na hakukubali nipite.

Habari yenyewe, nilipolazimika kuitazama, ilikuwa ya kuku. Kuku wa mtu ametaga kwenye kapu la jirani. Yai ni la nani? Mwanazuoni mmoja anasema yai linamfuata kuku. Wa pili anauliza kwanza ni nani aliyekuwa akimlisha. Mimi nimekua na kuku. Wete tulikuwa na mtetea aliyetaga kwa jirani yetu makusudi, na bibi yangu hakusemeshana na jirani huyo msimu mzima. Nikaanza kujieleza kwa Kiswahili, peke yangu, kwa sauti: yaani huyu anasema mwenye kuku ndiye mwenye yai, lakini mbona jirani ametoa mtama? Basi mtama wake umekwenda wapi? Mzee Brenner hakujua Kiswahili hata salamu. Lakini aliposikia sauti yangu inapanda penye swali na kushuka penye jibu, aligonga kiti kwa kidole kimoja, taratibu. Endelea. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu kunipongeza kwa kuelewa, na aliyenipongeza alikuwa mtu ambaye watu wote walikuwa wamekubaliana kwamba haelewi.

Tukaenda hivyo wiki nyingi. Siku moja nilimjaribu: nilibadilisha kwa makusudi, nikampa mwanazuoni wa kwanza maneno ya wa pili. Kofi. Nikaruka mstari. Kofi. Nikarudi nikasoma sawasawa, kidole kikagonga. Nilimweleza mama mdogo. Akasema, “Mwanangu, mimi najua. Ananitazama nikikosea kumfunga shati. Lakini nani ataniuliza mimi?”

Hivyo ndivyo tulivyofika siku ile ya watu sita. Pauline alikuja kupima kama mzee anaweza kubaki nyumbani kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na alikuwa na fomu. Alimpa mzee kadi yenye sentensi moja ya Kiingereza, juu ya mtoto na bustani, sentensi ya darasa la watoto, akamwomba aisome kwa sauti. Mzee alijaribu. Mdomo ukahangaika, likatoka neno moja ambalo halikuwemo kwenye kadi. Akajaribu tena, na shingo yake ikawa nyekundu. Mzee Zelig, aliyeitwa na Miriam ili athibitishe, aliangalia viatu vyake. Pauline akamgeukia Miriam na kusema kwa upole kwamba sehemu ya kusoma na kuelewa ataandika hawezi. Miriam akashusha pumzi, kama mtu aliyekubaliwa ombi.

Kusoma na kuelewa. Niliiona fomu kutoka nilipokaa: mambo mawili, kisanduku kimoja. Mbele ya macho yangu yalipita mambo mengi kwa pamoja, meza ya Nassor yenye picha za mbwa, ripoti zangu nzuri, na shingo ile nyekundu. Mama mdogo alisimama na birika mkononi, akanikazia jicho ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Lilisema nyamaza. Sikunyamaza.

“Msomeeni vibaya,” nilisema.

Miriam akauliza huyu ni nani. Mama mdogo akajibu upesi kwamba ni mtoto wa dada yake, anapita tu. Nikasema tena, kwa Kiingereza changu kisafi kilichosifiwa na shule nzima, kwamba anayetaka kujua kama mzee anaelewa asimwambie asome. Amsomee yeye, na akosee kwa makusudi. Mzee Zelig aliinua uso. Kukosea kwa makusudi katika kitabu hiki, alisema, yeye hawezi. Basi mimi nitakosea, nikamwambia, wewe utakuwa shahidi. Nikakichukua kitabu na kusoma habari ya kuku, na nilipomfikia mwanazuoni wa pili nikamsemesha kwamba yai ni la mwenye kapu, basi, hakuna maswali. Kofi lililotoka lilimfanya Pauline aangushe kalamu. Miriam akasema baba yake anashtushwa na sauti tu. Nikasoma sawasawa, kwa sauti kubwa zaidi. Kidole kikagonga kiti, taratibu.

Hapo Mzee Zelig aliivuta stuli mpaka ubavuni kwa mwenzake, mahali pake pa miaka thelathini. Akasoma kwa lugha yao, kwa kijiwimbo, akaeleza kitu, akauliza, na sauti yake ikabaki juu, inaning'inia. Mkono wa kushoto wa Mzee Brenner uliinuka, ukavuka ukurasa, ukapita maneno makubwa ya katikati, ukateremka mpaka pembeni chini kabisa, kwenye herufi ndogo kama mchanga, ukakaa pale. Mzee Zelig aliinama akasoma. Akasoma tena.

“Mtu huyu ananipinga,” alisema, kwa sauti ya kulalamika, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. “Na yuko sahihi.”

Nilitarajia fomu ichanwe. Haikuchanwa. Pauline alisema jambo hili linagusa moyo, lakini fomu haina mahali pa kuliandika, na kwenye pambizo akaandika kwamba mzee anasikia vizuri. Anasikia! Baadaye Miriam aliwaambia ndugu zake kwamba hapakuwa na kitu, watu walijifariji. Hata hivyo hakuweza kumwondoa baba yake, kwa sababu Mzee Zelig alimwambia pale pale kwamba Jumanne na Alhamisi atakuwepo, na atakayekuja kulifuata kabati la vitabu atamkuta yeye mlangoni. Walisoma pamoja miaka miwili mingine, mmoja kwa mdomo, mmoja kwa kofi. Mzee Brenner alifia chumbani kwake, na Mzee Zelig alinieleza mazikoni kwamba walikuwa hawajapatana juu ya jambo la Alhamisi.

Laiti ningeishia hapo, ningekuwa msichana aliyeshinda. Lakini Pauline alipokuwa akifunga mkoba wake aliniuliza, kwa tabasamu, nimeyajuaje yote haya. Na mimi, kichwa kimevimba, nilimjibu kila kitu: kila alasiri, dakika arobaini, peke yangu na mzee. Niliyasema kwa ufasaha na kujiamini. Mama mdogo aliliweka birika chini.

Barua ya kampuni ilikuja Jumamosi moja mchana. Mama mdogo alisoma Kiswahili kama maji, lakini Kiingereza cha barua kilimshinda, na barua zote za nyumba nilizisoma mimi. Alifuta mikono, akakaa, akaniambia, “Haya, msomi wangu.” Nassor alikuwa mpirani. Nikasimama katikati ya jikoni na kuisoma kurasa mbili nzima bila kujikwaa, maneno marefu kwa mafupi, nikishusha sauti penye nukta. Raya alinipigia makofi. Mama mdogo akasema mashallah, kisha akauliza, “Wanasemaje?”

Mimi, niliyekuwa nimewasimamisha watu wazima mwezi mmoja tu kabla, sikujua wanasemaje. Nilikuwa nimepita juu yake yote. Na niliona aibu kusema sijui, baada ya kisomo kizuri kama kile. Nikaona mwisho wa ukurasa pana jina lake na mstari mtupu. Nikamwambia wanataka saini. Akatia.

Wiki iliyofuata hakuwa na kazi, na kila kampuni nyingine aliyoiendea ilimfungia mlango. Nilipotimiza kumi na sita niliacha shule, nikaenda kufagia viti vya uwanja wa mpira Wembley, na wadogo zangu wakaendelea kusoma. Sijutii kufagia. Miaka mitatu baadaye, nikitafuta cheti cha Raya kwenye kopo la biskuti, niliikuta barua ile. Nilikaa sakafuni nikaisoma kama nilivyofundishwa kwa makofi, sentensi moja moja, nikijieleza kwa Kiswahili, na sikwenda ya pili mpaka ya kwanza imekaa. Ilisema kwamba kwa kutia saini anakiri alimwacha mgonjwa mikononi mwa mtoto kwa kujua na kwa mazoea, kwamba anaiacha haki yake ya kusikilizwa, na kwamba jina lake litapelekwa panapohusika. Aya ya pili, iliyonitoka kinywani siku ile tamu kama kaswida, ilimwambia kwamba akitaka kupinga anazo wiki mbili, na kampuni italazimika kumsikiliza. Angeweza kuwaambia habari ya zile saa zao zisizowezekana. Angeweza kumwita Mzee Zelig.

Nina hasira na walioiandika barua ile, waliojua wanamwandikia nani. Nina hasira na shule iliyonisifu. Siku hizi Jumamosi ninakaa kwenye ukumbi mmoja hapa Kilburn, wazee wetu wananiletea barua zao za nyumba, za hospitali, za vibali. Ninasoma sentensi, nasimama, naomba mwenye barua anieleze kwa maneno yake imesema nini. Wengine wanakasirika. “Si usome tu, mwanangu, basi langu litanipita,” aliniambia mzee mmoja wiki hii. Nikamwambia litakuja jingine. Mtoto wa Raya ana miaka minane. Ukimsemesha kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na ripoti yake ya juzi inasema anasoma kwa ufasaha na kujiamini. Raya aliibandika kwenye friji. Niliibandua, nikampigia simu mwalimu, nikamuuliza ni nani aliyemuuliza mtoto huyu alichosoma. Raya hakupenda. Nassor, aliyewekwa meza ya wasioelewa, leo ni fundi umeme na anasoma michoro ambayo mimi sijui hata nianzie wapi, na bado ananiita redio.

Mama mdogo anaishi Thamesmead. Anasafisha ofisi mpaka sasa, kwa magoti yasiyopinda vizuri, na mtu akimuuliza kwa nini aliacha kazi ya wazee anasema kampuni zile ndivyo zilivyo, zinamfukuza mtu bila kumpa hata nafasi ya kusema. Nafasi alipewa. Niliisoma mimi, kwa sauti, jikoni kwake. Nimekwenda Thamesmead mara nyingi nikiwa na barua ile kwenye mkoba, na kila mara nimerudi nayo. Jumapili iliyopita alikuwa na mgeni, jirani yake mpya kutoka Unguja, akanitambulisha kwake huku amenishika bega. “Huyu ndiye mkubwa wao,” alimwambia. “Bila huyu ningepotea mji huu. Barua zangu zote alikuwa akinisomea yeye.”

Jirani akanisifu. Nikapokea sifa, nikamimina chai.